Fundi Pua na Kidole cha Ukaguzi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutengeneza, kusafisha na kulinda kontrola za ukumbi wetu wa mbio za vigari, Fundi Pua anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kamati imeniomba mimi, karani wa mizunguko, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Wamesema niandike kwa uchangamfu na nisimtuhumu mtu yeyote. La kwanza nitajitahidi. La pili tutaona huko mbele.

Kwa jamaa za mstaafu ambao hawajawahi kukanyaga humu ndani, nieleze kidogo. Ubao wetu wa mbio ni mkubwa kuliko sebule za wengi wetu. Umechongwa mifereji, na kila mfereji una utepe wa shaba pande zote mbili unaopitisha umeme. Kigari kina pini inayozama mferejini, na hakina usukani. Dereva anasimama pembeni ya ubao ameshika kontrola yenye umbo la bastola, yenye waya unaoingia kwenye ubao. Akivuta triga, kigari kinakwenda. Akivuta zaidi, kinakimbia. Akiiachia, kinashika breki. Basi, hakuna kingine. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa kwetu kidole kimoja ndicho injini, ndicho breki, na ndicho kinachomwaibisha mtu kwenye kona mbele ya wakwe zake.

Ukiifungua kontrola utakuta koili, utakuta ulimi mdogo wa shaba unaoteleza juu ya hiyo koili, na utakuta springi inayoirudisha triga mahali pake. Ulimi ukiwa mchafu, kigari kinakwenda kwa kusitasita. Koili ikiungua, kigari hakina mwendo wa katikati. Ama kimelala ama kimeruka. Springi ikichoka, breki inachelewa na kigari kinaishia chini ya benchi la watazamaji. Kwa vitu hivyo vidogo Fundi Pua amesomesha watoto na kujenga nyumba, na yule anayesema hiyo si kazi ya mtu mzima aje aniambie mimi usoni.

Jina la Fundi Pua hakupewa na mama yake. Alilipata hapa, kwa sababu kila kontrola iliyorudishwa aliinusa kabla ya kuitundika kwenye msumari wake. Ndiyo, aliinusa. Kontrola yenye harufu ya moto ilimwambia kwamba kuna mtu ameshikilia triga nusunusu muda mrefu, koili ikapata joto. Yenye harufu ya jasho ilimwambia kwamba mtu alikuwa na hofu. Kuna wakati dereva wetu mmoja wa lori, yule tunayemwita Gogo kwa ajili ya mikono yake, alimimina mafuta ya nywele ndani ya kontrola ili triga iteleze vizuri. Fundi Pua alivuta pumzi moja tu, akamwuliza mbele ya watu kama mkewe anajua mafuta yake yanakwendaga wapi. Gogo alinuna mwezi mzima.

Hakumwamini mtu, na kwa hilo nilimheshimu. Waya ulikunjwa kwa duara pana, si kwa kuuzungushia mpini kama mtu anayefunga mbuzi. Koili haikuguswa na msasa hata kidogo. Ilipanguswa kwa spiriti na kitambaa cha pamba, tena kitambaa alichokileta yeye kutoka kwake. Mtu akimletea kontrola mbovu na kusema imeharibika yenyewe, Fundi Pua alimwuliza kama na yeye alijizaa mwenyewe. Vijana walimcheka kisogoni. Hata hivyo, kontrola zetu zilidumu wakati kumbi nyingine zilikuwa zinanunua mpya kila kukicha.

Sasa, kama yeye hakumwamini mtu, mimi sikumwamini yeye. Msishangae. Fikirieni jambo lenyewe: mtu mmoja anazishika kontrola zote, anazifungua akiwa peke yake, anazifunga akiwa peke yake, halafu sisi tunashindana kwa hizohizo kila Jumamosi. Nani angejua kama hamtengei shemeji yake iliyo nzuri? Nilisimama kwenye mkutano nikapendekeza kanuni ambayo mnaijua wote: fundi hajikagui. Kontrola yoyote aliyoigusa yeye lazima ipitishwe na kidole cha mtu mwingine kabla ya mbio. Kamati iliuliza kidole cha nani. Watu wote wakaniangalia, nami sikukataa.

Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi, miaka nenda rudi, tuliketi yeye upande huu wa meza na mimi upande ule. Alinisukumia kontrola moja, nikavuta triga mara kadhaa, nikasema ngumu, au laini, au sawa. Nikisema ngumu aliirudisha kwenye benchi lake la kazi, akaichokonoa kwa bisibisi, akanirudishia. Hakubishana hata siku moja. Hilo nalo lilinitia shaka, maana mimi fundi asiyebishana sijawahi kumwona popote.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai, na mara nyingi nimekuwa sahihi. Mama Kantini alipoleta vikombe vizito mahali pa vile vya zamani, ni mimi niliyegundua, ingawa aliapa kwamba vikombe ni vilevile tangu ameanza kazi. Mlinzi alipobadilisha kufuli la stoo akaweka linalofunguka kwa shida, nilimkabili, naye akaapa. Chupa za soda zikaanza kufungwa kwa kukazwa mno, bila shaka ili tuombe msaada kaunta na kununua karanga tukiwa hapo. Watu wanaapa sana siku hizi.

Mwaka huu ndipo balaa lilipoingia. Gogo alisafiri na lori lake, akapita kwenye ukumbi mwingine wa mbio, akacheza huko siku moja. Aliporudi alishika kontrola yetu, akavuta, akaitazama, akatangaza kwa sauti ile yake ya barabarani kwamba triga zetu ni uji. Alisema huko alikokuwa springi inamjibu mtu, lakini hapa ukigusa tu imekwisha. Nilimshuku papo hapo. Mtu aliyeaibishwa kwa mafuta ya nywele hawezi kukosa kinyongo. Nikamwambia kwamba mimi nazikagua kwa kidole changu kila wiki na kwamba ziko kama zilivyokuwa siku zote. Akasema, “Mzee, labda kidole chako ndicho uji.” Watu walicheka, na mimi nikaandika jina lake moyoni.

Lakini lisemwalo lipo. Madereva wengine wakaanza kunong'ona, minong'ono ikamfikia Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaamuru kontrola zote zifunguliwe mbele ya kamati. Kazi hiyo alipewa mpwa wa Fundi Pua, binti ambaye ameshateuliwa kurithi benchi lake. Ndiyo, mpwa wake kabisa, mtoto wa dada yake. Nilipinga uteuzi huo tangu mwanzo, nikaomba karatasi zake za mtihani nikazisoma mara mbili nikitafuta walipombeba. Sikupata kitu. Binti anajua kazi.

Alikuja na mizani ndogo ya ndoano. Alitundika ndoano kwenye triga ya kontrola mpya iliyotoka kwenye boksi, akavuta, akasoma. Akatundika kwenye ya kwetu, akavuta, akasoma tena. Uso wake ulibadilika. Springi zetu zilikuwa na nguvu kama nusu tu ya ile mpya, na si moja wala mbili. Zote, na zote sawasawa. Akamgeukia mjomba wake kama mtu anayeomba aambiwe kwamba mizani ndiyo mbovu. Fundi Pua alisimama, akasema, “Nimezilegeza mimi,” akaketi. Mwenyekiti alimwuliza kwa nini. Fundi Pua akavua miwani, akaifuta na kile kitambaa chake cha pamba, akaivaa tena. 

Mnajua watu. Kabla chai haijapoa ilishasemwa kwamba ameuza springi nzuri na kuweka za kuokoteza. Mimi nililiona jambo hilo kuwa baya kuliko wizi. Kidole changu kilikuwa kimezipitisha kontrola hizo wiki baada ya wiki, na kila wiki zilikuwa sawa. Kwa hiyo, nikajiambia, jamaa huyu alikuwa anazibadilisha baada ya ukaguzi, nikiwa nimeshampa mgongo. Alikuwa ananifanya mjinga. Nilisema hivyo mkutanoni na nilisema kwa sauti. Kamati ikakata shauri kwamba Fundi Pua aondoke kimyakimya, bila sherehe, bila cheti, bila hata mstari mmoja kwenye jarida letu.

Mkewe alikuwa ameshashona nguo ya sherehe. Nasikia aliikunja akairudisha sandukuni, wala hakumwuliza mumewe kitu. Yeye Fundi Pua aliendelea kuja kazini kama kawaida, kusalimia kama kawaida na kunusa kontrola kama kawaida. Alinisalimia hata mimi. Nilimjibu kwa kidevu.

Mpwa wake akaweka springi mpya kwenye kontrola zote, za kiwandani, zenye nguvu zake kamili. Jumamosi ikafika, nami nikasimama mahali pangu pa siku zote, kwenye mfereji mwekundu, nikiwa na furaha ya mtu ambaye haki yake imerudi. Taa ikawaka, nikavuta triga. Kigari changu kikatoka, kikasimama. Kikatoka tena, kikasimama, kama kinauliza njia. Kwenye sehemu iliyonyooka, ambako hata mtoto anapita kwa kasi, triga iliniponyoka na breki ikashika. Wenzangu walikuwa wameshanipita mzunguko mzima, na Gogo alikuwa amenipita mizunguko mingi kuliko wote.

Nilisimamisha mbio. Nikamwambia yule binti mbele ya watu kwamba najua anachofanya, kwamba ananilipizia kisasi kwa ajili ya mjomba wake. Hakukasirika. Alisema, “Mzee wangu, springi ni zilezile kwa kila mtu,” akanipa kontrola aliyokuwa anatumia yeye. Nikavuta, ngumu. Nikachukua ya Gogo kutoka mkononi mwake, ngumu. Nikapita ubao mzima, mfereji kwa mfereji, nikizikamata kontrola za watu na kuvuta, na kila niliyoivuta nilisema ngumu. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Nilipofika katikati kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikaenda ukutani, nikashusha ya akiba kwenye msumari, nikaivuta hiyo nayo.

Gogo aliichukua ile ya akiba mkononi mwangu taratibu, bila ubaya wowote, akaivuta kwa ncha ya kidole huku amekamata soda kwa mkono mwingine. Ilikwenda na kurudi, inamjibu. Nikautazama mkono wangu. Kidole kilikuwa bado kimejikunja na kilikuwa kinatetemeka, na nilipokiamuru kitulie hakikunisikiliza. Nilikuwa nimemshuku Gogo, nikamshuku fundi, nikamshuku mpwa, nikamshuku Mama Kantini na vikombe vyake, nikamshuku mlinzi na kufuli lake. Kweli nyani haoni kundule. Nitasema wazi kwamba niliogopa.

Nilimkuta Fundi Pua nyuma, kwenye benchi lake, anakunja waya. Nilimwuliza amejua tangu lini. Alisema tangu nilipoanza kukamata kikombe kwa mikono miwili na kuwalaumu wa kantini. Tangu hapo, kila niliposema ngumu, alijua si springi iliyozidi. Alilegeza kidogo. Mwaka uliofuata nikasema ngumu tena, akalegeza tena. Na kwa kuwa asingeweza kulegeza yangu peke yake bila kuvunja haki, alizilegeza zote, ili kila dereva ashindane kwa triga ileile na mtu asinielekezee macho.

Nilikasirika, jamani. Nilimwambia alikuwa na wajibu wa kuniambia. Mtu mzima haongopewi na springi. Nilimwuliza kwa nini hakunivuta pembeni siku moja akasema, mwenzangu, mkono wako una kasoro. Akajibu kwa neno moja. “Ungenishuku.”

Ni kweli. Ningesema ananitafutia sababu ya kuniondoa kwenye meza ya ukaguzi ili afanye mambo yake. Ningeitisha mkutano. Ningeshinda hata kura, maana mimi kwenye mikutano nina mdomo. Alijua hayo yote, ndiyo maana akachagua kubeba lawama na kunyamaza. Angeondoka nazo kupitia mlango wa nyuma, na mimi ningebaki hapa nikimsema vibaya mpaka kufa kwangu.

Mpwa wake ndiye aliyenieleza sehemu ya ufundi, na naiandika hapa ili watu wasidhani kulegeza springi ni jambo la kukata waya tu. Springi dhaifu hairudishi triga kwa haraka, na triga isiyorudi ni breki isiyoshika. Kwa hali ya kawaida vigari vyetu vingekuwa vinaruka kwenye kila kona. Fundi Pua alikisugua kile kipini ambacho triga inazungukia mpaka kikang'aa, akaupunguza ulimi wa shaba uzito, akaondoa kila kitu kinachokwaruza, ili ile nguvu ndogo iliyobaki itoshe. Alifanya hivyo kwa kila kontrola iliyo kwenye ule ukuta, na akarudia kila alipolegeza tena. Binti alisema alipozifungua alishangaa kwa nini vipini vinang'aa vile, lakini kwa aibu ya siku ile hakuuliza.

Nilikwenda mbele ya kamati nikayasema yote. Haikuwa rahisi, na wale wanaonifahamu wanajua sina mazoea ya kuondoa tuhuma nikishaitoa. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Gogo, ambaye nilidhani atacheka, alisema yeye anataka sherehe irudi na kwamba ng'ombe wa biashara ya keki na soda atamlipia yeye, maneno ambayo hata sasa hatujayaelewa vizuri lakini tumeyapokea. Nguo ya mke wa Fundi Pua imetoka sandukuni. Leo mnaiona, imempendeza sana.

Springi mpya zimebaki, kwa ombi langu mwenyewe. Mbio ni mbio. Ukaguzi wa Jumamosi sasa unafanywa na mizani ya ndoano, ambayo haina shemeji wala haizeeki, ingawa mimi huwa naichungulia kuona kama sindano yake imeanzia sifuri. Nimekwenda kwa daktari. Amesema ni mishipa ya fahamu, akanipa dawa na mpira laini wa kuminya asubuhi na jioni. Kila wiki naona mpira unazidi kuwa mgumu. Nilitaka kumwuliza daktari kama ameubadilisha, kisha nikajizuia, na naomba jambo hilo lihesabiwe kuwa maendeleo.

Je, Fundi Pua alivunja kanuni? Alivunja. Alibadilisha vifaa vya mashindano bila kibali, akawaficha wenzake, akamdanganya mkaguzi miaka mingi mfululizo, na Mwenyekiti amenitaka niandike kwamba mtu mwingine asithubutu. Nimeandika. Lakini katika maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta watu wanaofanya jambo nyuma ya mgongo wangu, na mmoja tu niliyemkamata kwa ushahidi alikuwa ananisaidia.  Namshukuru, na nimeumia.

Kwa niaba ya kamati, madereva na wafanyakazi wote, tunamshukuru mkewe aliyevumilia harufu ya spiriti kwenye nguo kwa miaka yote hii, na tunamkaribisha mpwa wake kwenye benchi, ambako nitamfuatilia kwa karibu kama nilivyomfuatilia mjomba wake. Ndugu yetu Fundi Pua, tunakutakia mapumziko mema, afya, usingizi wa kutosha na pua isiyo na mafua. Ukumbi huu ni wako. Njoo unuse wakati wowote.

Na mimi nina ombi moja. Baadaye kidogo Mwenyekiti ataniita mbele nikukabidhi cheti chako, na tutapeana mikono. Nitakupa huu wa kulia, na utausikia unavyotetemeka. Mwenzangu, leo usinilegezee. Kaza.